Ukurasa wangu wa keki umeibiwa na SMS ya kuthibitisha haikuja, je kuna mtu anatuchungulia kwenye kompyuta ya nyumbani?

Habari kaka, pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wawili niko Morogoro, natengeneza keki na vitafunwa vya shughuli, na oda zangu karibu zote zinatoka kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni ambao nimeujenga kwa miaka. Nyumbani tuna laptopu moja ya mtumba tunaitumia wote, mimi naweka hesabu za oda na madeni kwenye Excel na kujibu wateja maana skrini ni kubwa, mume wangu anaingia benki humo humo, watoto wanasomea pepa za miaka ya nyuma, na tangu mpwa wa mume wangu amalize kidato cha nne amekuja kukaa kwetu anasubiri matokeo, naye usiku anaangalia muvi na kucheza gemu la mpira.

Sasa jumamosi asubuhi naamka nakuta nimetolewa kwenye ukurasa wangu, imeili imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa, na kuna mtu anaposti eti natoa mikopo ya haraka, tuma ada ya kufungua faili. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba mimi niliwasha ile ya kutumiwa namba kwa SMS kila mtu akitaka kuingia, na usiku ule haikuja SMS hata moja, simu ilikuwa kitandani kwangu.

Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa na vituko. Nikifungua intaneti inaanzia kwenye ukurasa wa kutafutia ambao siujui, chini kulia zinaruka meseji kompyuta yako ina virusi 5 bonyeza hapa, siku nyingine skrini nzima ikawa ya buluu na sauti ya mwanamke inaongea kizungu nisizime mashine nipige simu namba fulani. Na siku moja nakunja nguo chumbani laptopu ipo wazi nikaona kataa ka kamera kamewaka. Nilishtuka mno.

Mume wangu anasema ni mpwa wake ameweka kitu cha kutuchungulia. Kijana amekiri alidaunilodi gemu na kitu cha kuaktiveti Office bila kulipia, ila analia anasema hajaweka cha kumwangalia mtu. Mume anataka kumrudisha kwao Singida wiki hii. Fundi wetu anasema nimpelekee ataweka antivairasi ya kreki, ile iliyovunjwa ili itumike bila leseni, elfu ishirini. Nimpelekee? Kijana anatuchungulia kweli? Na ukurasa wangu je, au hii kompyuta niitupe tu?

Mama Keki, Morogoro

JIBU

Pole sana dada yangu, huo ukurasa ndo ofisi yako na ndo jina lako kwa wateja, naelewa kwa nini hulali.

Naomba kwanza laptopu uitoe kwenye intaneti saa hizi hizi, zima Wi-Fi au hotspoti, na mtu yeyote asiandike paswedi yoyote humo hadi tumalize. Kila kitu nitakachokuambia hapa chini ukifanyie kwenye simu yako. Ukibadilisha paswedi kwenye mashine ileile iliyoumwa unakuwa unamkabidhi mwizi ile mpya pia, na hapa ndo watu wengi wanapigwa mara ya pili alafu wanabaki wanashangaa.

Wateja wako wanaibiwa saa hizi kwa jina lako, kwa hiyo weka status WhatsApp, ambia magrupu ya harusi na vikoba, mwambie kila uliyemfanyia keki kwamba ukurasa si wako tena na humkopeshi mtu. Waombe waripoti ukurasa kwamba umedukuliwa. Alafu ingia kwenye imeili yako. Imeili kabla ya ukurasa, maana aliye na imeili yako anaweza kuomba paswedi mpya ya kila kitu kingine. Kama ni Gmail nenda sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, toa vyote isipokuwa simu yako, badilisha paswedi, angalia namba ya simu na imeili ya kurudishia akaunti kama bado ni zako. Pia kuna sehemu watu hawaiangalii kabisa, ile ya vichujio na kusambaza barua, hii fungua Gmail kwenye braoza ya simu (ile programu ya kufungulia intaneti kama Chrome) kwa mwonekano wa kompyuta uitafute kwenye mipangilio. Wezi hupenda kuacha kichujio kinachofuta au kutuma kwao kila barua yenye neno fulani, unabadilisha paswedi unadhani umepona kumbe yeye bado anasoma. Ukimaliza hapo ndo uombe kurudishiwa ukurasa kwa njia rasmi ya mtandao wenyewe, kutumia simu ambayo umekuwa ukiingia nayo siku zote. Tafuta pia ile barua ya zamani iliyokuja wakati imeili inabadilishwa, mara nyingi inakuwa na kiungo cha kusema siyo mimi niliyebadilisha. Na mtu yeyote atakayekufuata inbox kusema anarudisha akaunti kwa malipo, usimpe hata mia.

Mume wako naye apige simu benki leo kwa namba iliyo nyuma ya kadi, aseme alikuwa anaingilia kwenye kompyuta iliyoingiliwa, wamfungie huduma ya benki ya kwenye intaneti na kumpa paswedi mpya.

Sasa kuhusu SMS ambayo haikuja. Ukiingia kwenye akaunti na ukaweka namba yako ya SMS, mtandao unaweka kwenye braoza yako kafaili kadogo, wanaita kuki, ili usiulizwe tena kesho na keshokutwa. Ni kama mkanda unaofungwa mkononi mlangoni ukumbini, ukitoka na kurudi hakuna anayekuuliza kadi tena. Kuna programu za kijasusi ambazo kazi yake ni kukomba hizo kuki pamoja na paswedi zote ulizobonyeza "hifadhi" kwenye braoza. Mwizi akiziweka kwenye kompyuta yake, mtandao unaona ni wewe umerudi, kwa hiyo hakuna SMS ya kutuma. Ndo maana simu yako ilikaa kimya usiku kucha. Na ndo maana nimesisitiza kutoa vifaa vyote kwenye akaunti, maana baadhi ya mitandao ukibadilisha paswedi peke yake zile kuki za zamani zinaendelea kufanya kazi.

Hii ni biashara kubwa na watu wanaoiendesha hawakujui wala hawakujali. Moja ya programu hizi ilikuwa inaitwa Raccoon, ilikuwa inakodishwa kwa takriban dola 200 kwa mwezi, mtu analipa kwa sarafu za kidijitali anapewa kila kitu cha kuibia. Mmoja wa waendeshaji wake, raia wa Ukraine, alikamatwa Uholanzi mwaka 2022 na mwishoni mwa 2024 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka mitano. Nyingine inaitwa Lumma, Microsoft walihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025 tu, yaani miezi miwili, na pamoja na kwamba mitambo yake ilivurugwa mwezi huohuo wa Mei haikuchukua muda ikarudi sokoni. Wanachokusanya wanakifunga vifurushi, kifurushi kimoja kompyuta moja, ndani yake paswedi, kuki, namba za kadi zilizohifadhiwa, wakati mwingine na picha ya skrini, na wanauziana. Aliyekaa kwenye ukurasa wako kutangaza mikopo pengine siyo hata aliyekuibia, amenunua tu.

Na hapa nimfikie kijana.

Dada, kwa nilichokisoma kwenye barua yako hakuna hata kitu kimoja kinachoonyesha kwamba yeye ndo anawachungulia. Alichofanya ni kile wanachofanya vijana wengi na mafundi wengi na watu wazima wenye heshima zao, katafuta kitu cha kulipia akakitaka bure. Ukiandika kwenye intaneti jina la programu ukaongeza neno kreki, unaletewa faili la zip, yaani mafaili yaliyofungwa kifurushi kimoja, lenye paswedi, na maelezo yanasema zima antivairasi kwanza ndo ufungue. Watu wameshazoea kuona maelezo hayo ni ya kawaida. Zip inafungwa na paswedi ili antivairasi isione kilichomo, na unaambiwa uzime ili isipige kelele kikifunguka. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walikuta kiaktiveti maarufu sana cha Windows na Office, KMSPico, kinagawiwa kikiwa kimebebeshwa mwizi wa paswedi anayeitwa Cryptbot, na vibaya zaidi ni kwamba kile kiaktiveti chenyewe kilifanya kazi, Office ikakubali, kwa hiyo mtu hana sababu ya kushtuka. Nyingi za hizi programu zinamaliza kazi ndani ya dakika chache na baadhi zinajifuta zenyewe. Kijana alikuwa anacheza mpira wake, kitu kilishaondoka na funguo za nyumba nzima.

Kwa hiyo mwambie mume wako kwa upole asimrudishe Singida kwa kosa ambalo hajalifanya. Mtoto akiondoka na jina la mchunguliaji wa mke wa mjomba wake, hilo jina halitafutika kwenye ukoo hata kompyuta ikipona. Mkae naye, awaambie alidaunilodi nini, lini, na kama aliambiwa azime antivairasi. Mwulize pia kama kuna tovuti ilimwambia athibitishe kwamba yeye si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Huo ni mtego ambao tangu 2024 umeenea sana, unakuta umejiwekea virusi kwa mikono yako, hakuna tovuti ya kweli inayohitaji hivo. Akiogopa kupigwa atawaficha, na nyie mnazihitaji hizo taarifa.

Vile vituko vingine msivichanganye vyote kuwa kitu kimoja. Meseji za virusi 5 zinazoruka chini kulia karibu kila mara ni tovuti fulani iliyoomba ruhusa ya kutuma taarifa na mtu akabonyeza ruhusu, unaziondoa kwenye mipangilio ya braoza sehemu ya arifa. Ile skrini ya buluu yenye sauti ni ukurasa wa intaneti tu uliojaza skrini, hiyo namba ukiipiga anapokea tapeli anakuambia uweke programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, ndo anaingia kweli. Ikitokea tena shikilia Esc, ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uifunge braoza kutoka huko. Ukurasa wa kutafutia usioujua, hiyo mara nyingi ni ekstensheni, yaani kaprogramu kanakokaa ndani ya braoza, na ujue kwamba kama umeingia Chrome na akaunti yako ekstensheni inaweza kurudi hata baada ya kufuta kila kitu, maana Chrome inakurudishia ulivyokuwa navyo. Kwa hiyo ukiingia upya angalia ekstensheni kabla ya kitu kingine.

Kamera, naelewa ulivyojisikia, na siwezi kukuambia ilikuwa ni nini bila kuiona. Kwenye mipangilio ya Windows sehemu ya faragha kuna kamera, pale inaonyesha programu gani zina ruhusa na ni lini ziliitumia mara ya mwisho. Pengine ni tabo ya mkutano au ya braoza iliyobaki wazi. Unaweza kuangalia bila intaneti, na angalia kabla hujafuta chochote. Kwa vyovyote bandika kipande cha plasta juu ya kamera kuanzia leo, na laptopu isikae wazi chumbani kwenu.

Nisiseme pia kwamba mtu wa ndani hachunguliagi, wapo. Dalili zake ni tofauti kidogo, mtu anajua ulichoandika, anajua ulikuwa wapi, anataja mazungumzo ambayo hakuwepo. Ukiona hivo angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako, angalia kwenye orodha ya programu kama kuna AnyDesk au TeamViewer, zile za kuendesha kompyuta kwa mbali, ambayo hamkuiweka, angalia kama kuna akaunti ya ziada ya Windows. Na kwa dada mwingine anayesoma hapa ambaye anayemchungulia ni mtu anayempiga au kumtishia, usikimbilie kukifuta alichokiweka, maana akiona giza atajua umejua. Tumia simu ya mtu unayemwamini kuomba msaada kwanza, jipange ukiwa salama. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza mtu kuingia kwenye kompyuta ya mwenzie bila ruhusa, ndoa siyo ruhusa.

Kompyuta usiitupe, haina kosa. Fundi wa antivairasi ya kreki usimpelekee, hapo mtakuwa mnarudia kilekile kilichowaumiza. Baada ya mwizi wa paswedi kupita mimi siamini kusafisha juujuu, ningepiga Windows upya kabisa. Nakili Excel yako, picha za keki, pepa za watoto, kwenye diski ya nje au flashi, nyaraka na picha tu, usichukue faili lolote la kuinstoli wala hizo zip. Alafu kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, ya ofisini kwa mumeo au ya jirani, tengeneza flashi ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, inataka flashi ya angalau GB 8, ufute diski yote na kuanza moja. Kama hamuwezi mpeni fundi mwingine, ila mumeo akae pale aangalie.

Na hili la kuaktiveti linaniuma sana kwa sababu watu wengi wanaibiwa bure kabisa. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zilitoka kiwandani na Windows 10, na leseni yake imo ndani ya mashine. Ukipiga Windows ya aina ileile ikaingia intaneti inajiaktiveti yenyewe, bila kreki. Shida ni kwamba fundi anakuja na flashi yake moja ya Pro, yaani Windows ya maofisini, anapiga kwa kila mtu, mashine yako ilikuwa na leseni ya Home, ile ya nyumbani, basi inagoma, anatafuta kiaktiveti, na mlango umefunguka. Mwulize kabla hajaanza: hii ilikuja na Home au Pro? Office nayo huihitaji kwa kreki, LibreOffice ni bure na inafungua Excel yako ya madeni.

Kabla ya kununua antivairasi, jua kwamba Windows inayo Microsoft Defender tayari na kwa nyumba kama yenu inatosha ikiwa imewaka na hakuna aliyeizima. Baada ya kupiga upya fungua Windows Security, hakikisha kila kitu ni kijani, na uangalie ile orodha ya mafaili ya kurukwa kwenye skani, iwe tupu, maana kreki zinapenda kujiandika humo. Ukipata wasiwasi kuna skani ya Offline, mashine inajizima na kuwaka na kukagua kabla Windows haijaamka, ni nzuri kwa vitu vinavyojificha.

Angalia pia ni Windows ngapi. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kwa watu wa nyumbani kuna nyongeza ya apdeti za usalama hadi Oktoba 2026 ukijiandikisha, baada ya hapo kila tundu jipya linabaki wazi. Kama prosesa ni ya Intel na ni kizazi cha nane kwenda juu unaweza kupanda Windows 11. Kama ni ya zamani zaidi fikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa intaneti na Excel inawatosha, na virusi hivi vya Windows haviwezi kukaa humo kwa urahisi.

Mwisho mgawane hiyo mashine. Akaunti ya msimamizi iwe moja, paswedi yake mnaijua wewe na mumeo tu, na hata nyie msiitumie kila siku. Watoto na kijana wawe na akaunti zao za kawaida, ili kikitaka kuingia kitu kibadilishe mfumo mashine iombe paswedi yenu. Hiyo haizuii kila kitu, kreki ikifunguliwa kwenye akaunti ya kijana bado inaweza kukomba vya kwenye akaunti ile, ila vyako vya biashara vinakuwa upande mwingine. Paswedi za benki na za ukurasa zisihifadhiwe kwenye braoza ya kompyuta hiyo, na ukirudishiwa ukurasa tumia aplikesheni ya namba za kuthibitisha badala ya SMS, na kila ukimaliza kazi kwenye laptopu toka kabisa kwenye akaunti, usifunge tu dirisha.

Ukikwama kwenye kurudishiwa ukurasa niandikie tena, unitajie ni mtandao gani na wamekujibu nini, hiyo sehemu inatofautiana sana na nitakuelekeza hatua kwa hatua.